Umemeza Mseto, Malaria Imerudi: Mwongozo Kamili wa Kumeza ALu Hadi Vimelea Viishe

Malalamiko ni yale yale. "Nilimeza mseto nikapata nafuu, wiki mbili hazijaisha malaria hiyo tena. Hizi dawa za siku hizi hazina nguvu." Ukimuuliza alimezaje, ndipo mambo yanapoanza kutoka. Dozi ya pili aliimeza asubuhi kwa kuwa usiku alipitiwa na usingizi. Vidonge alivishushia na chai ya rangi, hamu ya kula hakuna. Na vile vinane vya mwisho vipo kabatini, vinasubiri mtu mwingine aumwe.

Dawa ya namna hiyo haikushindwa. Haikufika.

Mwongozo huu unahusu malaria isiyo kali, inayotibiwa nyumbani kwa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Ndiyo ile tunayoiita ALu au mseto, na wengi huiita Coartem hata kama pakiti imeandikwa jina jingine kabisa. Kila hatua nimeiwekea sababu yake, kwa sababu naamini mtu akishajua kidonge kinafanya nini tumboni na kwenye damu, habari ya kumsimamia amalize dozi inakwisha yenyewe.

## Nani asianze hapa

Vipo visa ambavyo si vya vidonge. Mgonjwa akiwa na mojawapo ya dalili hizi, usisome zaidi, mpeleke kituo cha afya au hospitali sasa hivi:

- amepata degedege, au amepoteza fahamu, au anaongea maneno yasiyoeleweka;
- anatapika kila kitu, hata maji;
- mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea mno;
- anapumua kwa shida au kwa kasi isiyo ya kawaida;
- mkojo umekuwa mweusi kama kola, au macho yamekuwa ya njano;
- viganja na ulimi vimepauka, hata kukaa anashindwa.

Hiyo ni malaria kali, na tiba yake inaanza na sindano ya atesuneti, si kidonge. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 5 naye apelekwe kituoni. Usimkadirie dozi nyumbani.

Hapa pia kuna kosa linalowapata hata waliotibiwa vizuri. Mtu amechomwa sindano zake, amepata nguvu, ameruhusiwa kurudi nyumbani na pakiti ya mseto mkononi, halafu haigusi kwa sababu "nilishachomwa". Sindano hupunguza vimelea haraka ili usife. Kuvimaliza ni kazi ya dozi kamili ya siku tatu inayofuata.

## Vitu vya kuandaa

- Majibu ya kipimo cha malaria, cha leo au jana.
- Uzito wa mgonjwa kwa kilo. Umri hutumika tu pale mizani inapokosekana.
- Dozi nzima ya ALu, mkononi, kabla hujameza kidonge cha kwanza. Usinunue nusu "halafu nyingine nitachukua kesho".
- Chakula chenye mafuta kidogo cha kutosha mara sita: maziwa, karanga, parachichi, chapati, chochote kilichopo.
- Simu yenye alamu.
- Kalamu na karatasi, au mgongo wa pakiti yenyewe.
- Parasetamoli.
- Majina ya dawa nyingine zote unazotumia.

## Hatua ya 1: Pima kwanza

Homa, kichwa na viungo kuuma si malaria mpaka kipimo kiseme. Mafua makali, dengue, maambukizi ya njia ya mkojo na nimonia vyote vinaanza hivyo hivyo. Ukimeza mseto kwa nimonia, siku tatu zinapotea na kifua kinazidi kuharibika.

Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole, kinatoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Hakikioni kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huimwaga kwenye damu. Likumbuke hili, tutalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi wameze dozi mbili mfululizo bila sababu.

Umefanikiwa ikiwa: una jibu lililoandikwa, si la "inaonekana kama malaria".

## Hatua ya 2: Soma pakiti, kisha hesabu vidonge

Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Kwenye pakiti utaona 20/120. Kwa kidonge hicho, dozi huenda kwa uzito:

- kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila mara, jumla vidonge 6;
- kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 kila mara, jumla 12;
- kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3 kila mara, jumla 18;
- kilo 35 na kuendelea: vidonge 4 kila mara, jumla 24.

Uzito wowote ule, unameza mara sita. Kinachobadilika ni idadi ya vidonge kwa mara moja.

Sasa angalizo. Madukani zipo pia pakiti za 80/480, ambapo kidonge kimoja kina dawa ya vidonge vinne vya kawaida. Mtu mzima anameza kimoja kila mara, na pakiti nzima ina vidonge sita tu. Aliyezoea vinne vinne akiipata pakiti hii bila maelezo anaweza kumeza vinne kwa mkupuo, na aliyezoea kimoja kimoja akirudi kwenye 20/120 anameza robo ya dozi. Kwa hiyo usimezee mazoea. Soma namba.

Pia tazama tarehe ya kuisha muda, na kama foili imetoboka au kidonge kimebadilika rangi, rudisha. Bei ikiwa ya kutupa kupita kiasi na muuzaji hana duka linaloeleweka, ondoka.

Bahasha ya dawa nayo ina mtego wake. Mara nyingi imeandikwa "4×2" na mstari chini yake, basi. Maana yake ni vinne mara mbili kwa siku, lakini haikuambii kwamba dozi ya pili haifuati mpangilio wa nyingine. Hilo liko hatua ya 6.

Umefanikiwa ikiwa: umevihesabu vyote mezani na idadi imelingana na uzito wako.

## Hatua ya 3: Taja dawa zako nyingine kabla hujalipa

Dawa karibu zote unazomeza hupita kwenye ini, na ini ndilo linaloamua zitakaa mwilini kwa muda gani. Dawa moja inaweza kulichangamsha ini likaitupa nyingine kabla haijafanya kazi, au kulichelewesha nyingine ikajaa kupita kiasi. Kwa ALu, hizi ndizo za kusema bila kuulizwa:

Rifampisini, iliyomo kwenye dozi ya kifua kikuu. Inachangamsha ini kiasi kwamba mseto unasafishwa kabla haujamponya mtu. Hapa hakuna ujanja wa kupishanisha masaa. Unahitaji daktari akupangie tiba nyingine.

Efavirenzi, kwa wanaotumia ARV za zamani. Nayo inaushusha mseto. Wanaotumia dolutegraviri hawana tatizo hilo.

Dawa zinazogusa mapigo ya moyo. Kwinini, baadhi ya dawa za moyo, dawa za fangasi kama flukonazoli, na antibiotiki kama siprofloksasini na erithromaisini. Hii ya siprofloksasini naisisitiza, kwa kuwa huku kwetu malaria na taifodi zimekuwa mapacha: ukipimwa moja unapewa dawa za zote mbili. Uliza kama kweli taifodi imethibitishwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye nduguye alianguka ghafla akafa kwa moyo, aseme mapema.

Mama mjamzito aseme pia, hata kama ni wiki za mwanzo. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza, hivyo kusema hakutakunyima dawa. Kutamfanya mtoa huduma akufuatilie. Na zile SP unazomezeshwa kliniki ni kinga. Hazitibu malaria uliyonayo leo.

Juisi ya balungi iache kwa siku hizi tatu, inapandisha dawa mwilini. Mwarobaini nao upumzishe: uchungu wake juu ya tumbo tupu unachochea kutapika, na dozi inatoka pamoja nao.

## Hatua ya 4: Kula mafuta

Ukiniuliza hatua moja ambayo wengi wanaishindwa bila kujua, ni hii.

Lumefantrini haiyeyuki kwenye maji. Inapenda mafuta. Ukiimeza na maji matupu, sehemu kubwa inapita utumbo mzima na kutoka na choo, haijagusa damu. Katika watu wazima wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini inayoingia mwilini mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu, na artemetha zaidi ya mara mbili. Yaani watu wawili wanaweza kumeza vidonge 24 vile vile, kwa masaa yale yale, mmoja akapona na mwingine akarudia kuumwa, tofauti yao ikiwa ni glasi ya maziwa.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni machache. Utafiti uliotumia maziwa ya soya ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu za mafuta zinatosha kuipata karibu faida yote. Kwa jikoni mwetu hiyo ni:

- nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta, au mtindi;
- uji uliotiwa kijiko cha siagi ya karanga au karanga za kusaga;
- chapati moja, au maandazi mawili;
- vipande vichache vya parachichi;
- mboga ya nazi au ya karanga na ugali kidogo.

Chai ya rangi haihesabiki. Soda haihesabiki. Uji mweupe wa maji na sukari hauhesabiki. Ndizi na chungwa ni vizuri kwa mgonjwa, ila mafuta havina.

Kama chakula hakipandi kabisa, usilazimishe sahani. Kunywa maziwa kwa mafunda madogo, subiri dakika kumi, kisha meza dawa. Siku ya kwanza ndiyo ngumu, na siku ya pili hamu ya kula huanza kurudi. Na ikitokea maziwa hayapo, karanga hazipo, hakuna chochote, basi meza hivyo hivyo kwa wakati wake na ule pindi kitu kikipatikana. Dozi bila mafuta ni bora kuliko dozi iliyorukwa.

Umefanikiwa ikiwa: kila dozi kati ya zile sita imekutana na kitu chenye mafuta.

## Hatua ya 5: Meza dozi ya kwanza na uandike saa

Meza mara tu upatapo dawa, usisubiri "nianze kesho asubuhi ili mahesabu yakae vizuri". Kila masaa yanayopita vimelea vinazaana.

Ukishameza, andika saa. Saa hiyo ndiyo inayopanga nyingine zote, na kichwa chenye homa hakiaminiki kukumbuka.

Ndani yako kinachoendelea ni hiki. Kimelea cha malaria kimejificha ndani ya seli nyekundu ya damu na kinakula hemoglobini yako. Kikishaimeng'enya, kinabaki na masalia yenye madini ya chuma ambayo ni sumu kwake chenyewe, kwa hiyo huyagandisha yawe fuwele zisizomdhuru. Artemetha ikikutana na chuma hicho inavunjika na kutoa chembechembe kali zinazounguza protini za kimelea. Ndiyo maana inakiua kimelea huku ikikuacha wewe: inalipukia pale kimelea kinapokula. Lumefantrini, kwa jinsi inavyoeleweka, inakizuia kimelea kisiyagandishe yale masalia, kikafa kwa sumu ya chakula chake.

Artemetha hufika kileleni kwenye damu ndani ya takriban masaa mawili, na kila baada ya masaa mawili hivi nusu yake inaondoka. Lumefantrini huchukua masaa sita hadi nane kufika kileleni, lakini kupungua kwa nusu kunachukua siku kadhaa. Artemetha inafyeka, lumefantrini inapalilia yanayochipua. Ukiwa na moja bila nyingine, shamba linarudi porini, na ndiyo sababu vidonge vya artemisini (jamii ya dawa ambamo artemetha imo) pekee havitakiwi kutibu malaria ya kawaida.

## Hatua ya 6: Dozi ya pili ni baada ya masaa 8, hata kama ni usiku wa manane

Dozi ya kwanza hadi ya pili ni masaa 8. Ya tatu inakuja masaa 24 tangu ile ya kwanza, na kuanzia hapo ni kila baada ya masaa 12. Mifano miwili:

Umeanza saa 4 asubuhi Jumatatu. Ya pili ni saa 12 jioni siku hiyo hiyo. Ya tatu Jumanne saa 4 asubuhi, ya nne Jumanne saa 4 usiku, ya tano Jumatano saa 4 asubuhi, ya sita Jumatano saa 4 usiku. Rahisi.

Umeanza saa 2 usiku Jumatatu, baada ya kutoka kazini na kupita zahanati. Ya pili ni saa 10 alfajiri ya kuamkia Jumanne. Ya tatu Jumanne saa 2 usiku. Ya nne Jumatano saa 2 asubuhi, ya tano Jumatano saa 2 usiku, ya sita Alhamisi saa 2 asubuhi.

Mfano wa pili ndio unaowaangusha watu. Saa 10 alfajiri nani anaamka? Anayeweka alamu, na aliyeweka glasi ya maziwa na vidonge vinne kando ya kitanda kabla ya kulala. Chapati iliyofunikwa sahani inatosha pia. Kama kuna mtu wa nyumbani anayeamka kuswali alfajiri, mkabidhi kazi ya kukuamsha, lakini alamu iwepo.

Kwa nini masaa 8 na si 12? Kwa sababu artemetha ya dozi ya kwanza imeshaondoka karibu yote, na lumefantrini bado haijajikusanya ya kutosha. Masaa yale ya usiku wa kwanza ndiyo vimelea ni vingi kuliko wakati wowote. Dozi ya pili inaziba pengo hilo.

Umefanikiwa ikiwa: kwenye karatasi yako kuna saa mbili zilizoandikwa ndani ya siku moja ya kwanza, zikiwa zimepishana masaa 8, au tisa kwa mbali.

## Hatua ya 7: Siku ya pili na ya tatu, ambapo nafuu inakudanganya

Sasa homa imekata. Umeoga, umekula, kazini wanakutafuta. Bado una vidonge kumi na kitu. Hapa naomba tufanye hesabu.

Mtu mzima mwenye homa ya malaria anaweza kuwa na vimelea bilioni 100 mwilini bila kuwa mahututi. Mzunguko mmoja wa kimelea, toka kuingia kwenye seli hadi kuipasua na kumwaga watoto wake, ni takriban masaa 48. Artemetha ikiwepo, kila mzunguko vimelea vinapungua kwa makadirio ya mara 10,000.

Mzunguko wa kwanza: bilioni 100 zinashuka hadi milioni 10. Mzunguko wa pili, ambao dozi ya siku tatu inaugusa: milioni 10 zinashuka hadi 1,000. Hao 1,000 waliobaki ni kazi ya lumefantrini.

Sasa acha dozi ukiwa na milioni 10. Katika lita tano za damu, hao ni wawili kwa kila mikrolita. Hadubini ya zahanati haiwezi kuwaona kirahisi. Na homa hakuna, kwa sababu homa inaletwa na seli nyingi kupasuka kwa pamoja, na hawa hawatoshi kuleta kelele hiyo. Unajiona umepona. Lakini kimelea kisichozuiliwa kinaweza kuzidisha idadi yake mara kumi kila siku mbili, kwa hiyo milioni 10 inahitaji mizunguko minne tu, yaani siku nane, kurudi bilioni 100. Ongeza siku chache ambazo kile kidogo cha lumefantrini ulichomeza kinavichelewesha, na tayari una zile wiki mbili za malalamiko.

Kuna na la mtaa mzima. Vimelea vilivyobaki baada ya dozi pungufu ni vile vilivyoionja dawa vikapona. Mkoani Kagera, na kwa majirani zetu Rwanda na Uganda, watafiti wameshapata vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya dawa za jamii ya artemisini. Mseto bado unatibu, ila pale artemetha inapochelewa, mzigo unaiangukia lumefantrini, ile inayotaka mafuta na dozi kamili.

Kuhusu vidonge vya "kumtunzia mtoto": vinane vya mtu mzima si dozi ya mtu yeyote wa uzito wako, na mtoto akiumwa anatakiwa apimwe kwanza. Usiweke akiba.

Umefanikiwa ikiwa: foili ni tupu.

## Ukitapika, ukisahau

Ukitapika ndani ya nusu saa tangu umeze, rudia dozi nzima. Ukitapika kati ya nusu saa na saa moja, wengi hushauri kurudia pia. Mpigie aliyekupa dawa ukiwa na wasiwasi. Zaidi ya hapo, usirudie, subiri wakati wa dozi inayofuata. Kumbuka kwamba ukirudia, vidonge vitapungua mwishoni, kwa hiyo rudi uongezewe, usimalizie pungufu. Ukitapika na marudio, huo si mchezo wa vidonge tena, nenda kituoni.

Ukisahau dozi, imeze pale unapokumbuka, kisha endelea na zilizobaki kwa kuachanisha masaa 12. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Ukiwa umeruka siku nzima, rudi kwa mtoa huduma.

## Homa na maumivu

Parasetamoli haiui kimelea hata kimoja. Inazungumza na ubongo, inashusha kipimo cha joto na kupunguza maumivu. Mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita hadi nane, visizidi vinane kwa siku. Mtoto hupewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo.

Sindano ya diklofenaki ambayo wengi wanaiomba "ili mwili ulegee" sioni faida yake hapa. Mgonjwa aliyetapika na kutoka jasho siku nzima amepungukiwa maji, na dawa hiyo inazibana figo zake wakati mbaya. Maji, ORS, parasetamoli, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Inatosha.

Mseto wenyewe unaweza kuleta kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo malaria nayo huleta. Bodaboda na mashine uziache mpaka kichwa kitulie. Ukivimba uso au midomo, au ukitokwa na vipele vinavyowasha mwili mzima, acha dawa uende hospitali.

## Mtoto mdogo

Omba vidonge vya kuyeyusha kama vipo. Vimetengenezwa viwe vitamu kidogo. Weka kidonge kwenye kijiko au kikombe chenye maji safi kidogo, kama vijiko viwili vya chai, subiri kiachane, koroga, mnyweshe. Ongeza maji kidogo kwenye kikombe kile kile na umpe tena, kwa kuwa dawa hubaki imeng'ang'ania pembeni. Kama ni kidonge cha kawaida, kisage kati ya vijiko viwili.

Usiitie dawa kwenye bakuli zima la uji. Asipolimaliza, hujui amekunywa kiasi gani. Mpe dawa kwanza kwa kijiko, halafu maziwa, uji wa karanga, au anyonye. Maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha. Mkalishe wima kwa muda, na umwangalie kwa nusu saa, maana hapo ndipo wanapotapika.

Vidonge vilivyobaki vikae kwenye foili yake mpaka dakika ya kumeza, mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Juu ya friji na dirishani pa jua si mahali pake.

## Utajuaje imefanya kazi

Homa hupungua ndani ya siku moja hadi mbili. Kufikia mwisho wa siku ya tatu isiwepo. Uchovu na kukosa nguvu vinaweza kuendelea wiki nzima, kwa kuwa mwili unajenga upya seli ulizopoteza; hilo peke yake si ishara kwamba dawa imekataa.

Kuanzia usiku wa kwanza wa dozi, lala ndani ya chandarua. Mseto hauviui vyote vile vimelea vilivyokomaa ambavyo mbu huvifyonza, kwa hiyo hata ukiwa umepona unaweza kumpa mbu, naye akampa unayelala naye chumba kimoja.

Usijipime tena kwa kipimo cha haraka kuona "kama imeisha". Ile protini inayotafutwa inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kipimo kikaonyesha mistari miwili kwa mtu mzima wa afya. Hapo ndipo watu wanapoanza dozi nyingine wasiyoihitaji.

Homa ikiendelea baada ya siku tatu, au ikirudi ndani ya siku 28, rudi kituoni na uombe damu iangaliwe kwa hadubini, ambayo inaonyesha vimelea vyenyewe. Inawezekana si malaria. Inawezekana ni malaria ileile, na hapo hutakiwi kupewa ALu tena bali mseto wa aina nyingine. Ili mtoa huduma aamue vizuri, mwonyeshe foili tupu na ile karatasi ya masaa, mwambie ulikula nini na kama ulitapika, na tarehe uliyomeza dozi ya kwanza.